Taarifa ya Honda Mbili

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, chama cha ushirika kilianza kupunguza watu. Otilia, bibi shamba wa Namswea, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepanda Honda 110 ya chama, akiijua kuliko baadhi ya ndugu zake.

Zilibaki pikipiki mbili za kupigwa mnada: hiyo 110, na Honda XL aliyoitumia Xaveri, bwana shamba mwenzake aliyepunguzwa pia. Meneja, Bwana Wilfred, akamwomba Otilia aandike taarifa.

"Wewe unazijua zote, mama. Ipi nzima?"

XL ilikuwa ndefu, nzuri kuitazama, na kwenye mawe ya kuteremkia ziwani, Mbamba Bay, hakuna iliyoiweza. Lakini mnyororo wake ulikaa wazi ukila tope kila masika, na Xaveri alikuwa ameikimbiza mpaka injini ikachoka. 110 ilikuwa fupi, mnyororo wake umefunikwa kwa bati. Ilibeba miche, mbolea, na siku moja ilimbeba Tadea, mke wa mkulima aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, kutoka kijiji cha Ruanda hadi Mbinga kwenye mvua, isizime hata mara moja.

Otilia aliitaka. Alijua akiisifu, wenye maduka mjini wataipandisha bei asiiweze. Akaandika: XL, nzuri. 110, injini imekwisha, fremu ina ufa.

Bwana Wilfred alitia saini bila kwenda kuzitazama. "Angekuwa mtu mwingine, ningekagua," alisema.

Siku ya mnada Otilia alikuta XL peke yake.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Mbovu vile ningemuuzia nani?" alisema Bwana Wilfred. " Jana nimempa fundi Protasi aitoe vipuri."

Alikwenda gereji mbio mbio. Magurudumu yalikuwa yameshapelekwa Mbamba Bay. Injini ilitandazwa juu ya gunia.

"Shikamoo, mama," alisema Protasi, akamwekea pistoni mkononi. "Hebu tazama, haina hata mkwaruzo. Mpumbavu gani kaandika imekwisha?"

"Sijui. Unaweza kuiunga tena?"

"Fremu nimeshaikata."

Alishika njia ya Namswea kwa miguu. Nje ya mji Xaveri akamfikia, yuko juu ya XL. Alikuwa ameinunua yeye. Kampuni moja ilimwahidi kazi ya kuzungukia wakulima, mradi awe na pikipiki yake.

"Panda, mama. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa ile 110. Niliposoma taarifa yako nikasema, Mama Otilia hawezi kutudanganya."

Walikwenda kitambo. Kwenye mlima wa kwanza injini ilianza kukohoa, Xaveri akarudisha gia, kisha akairudisha tena.

"Xaveri," alisema Otilia nyuma yake, "niliandika uongo. Nzima ilikuwa ile."

Xaveri akaisimamisha pikipiki. Akazima injini bila kugeuka.

"Kiinua mgongo changu chote kimo humu," alisema. "Shuka, mama, tafadhali."

Otilia akashuka.