Isale la Filemon

Mwaka 1996 nilikuwa na waume watatu, na hata mmoja hakuwa mwanamume: ofisi ya wanunuzi wa kahawa pale Moshi, kamati ya harusi ya mdogo wangu Pamela, na farasi wangu Ngano.

Ngano niliachiwa na bibi mmoja aliyeuza shamba lake akahama. Saa kumi na moja alfajiri niko Rau namfunga tandiko, tunazunguka kando ya msitu. Saa mbili niko mezani nachapa barua. Bosi alikuwa akifungua dirisha kila nikipita, eti nanuka. Anuke yeye. Saa ile ya alfajiri ndiyo pekee iliyokuwa yangu.

Wiki ya harusi bosi akatutaka ofisini kabla hakujapambazuka. Nikamwomba kaka yangu mdogo, Filemon, amwangalie Ngano.

"Maji na majani tu. Usimtoe."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Jumamosi nilipanda harusini, nyumbani kwetu Uru mlimani, nikiwa na gauni la kamati. Nyuma ya zizi la ng'ombe nikakuta Ngano amefungwa kwenye mgomba. Mgongo ulikuwa umechunika, nyama inatoa maji, nzi wamejaa mpaka weusi. Mguu mmoja wa mbele alikuwa haukanyagii. Gari la vinywaji lilikwama kwenye tope, nikaambiwa, hivyo Filemon alimbebesha kreti za bia kutoka mjini. Safari nne, kwa kamba ya katani, bila hata gunia mgongoni.

Nilisimama pale pale migombani, nikiwatazama wageni uani. Waliniudhi wote, na midomo yao inayong'aa mafuta ya mbuzi wa ndafu, wakinywa bia iliyopanda juu ya kidonda kile. Nilijichukia na mimi pia. Nani alimkabidhi?

Nikapaza sauti kuwa Filemon si ndugu yangu tena. Muziki ukazimwa. Haukupita muda akaja na jani la isale mkononi, wazee nyuma yake. Kwetu, anayekuja na isale kuomba msamaha hakataliwi.

"Pokea, Mektrida," akasema Meku Sirili, baba yetu mkubwa. "Usituletee balaa siku ya harusi."

Mama alikuwa akinitazama kwa macho ya kuomba. Nikapokea. Watu wakapiga makofi, na Filemon akashusha pumzi, akatabasamu.

"Basi kwa kuwa yamekwisha, dada, kesho Ngano si atatushushia kreti tupu?"

Nilimrudishia jani lake kiganjani.

"Uliyemkosea yule pale. Mpelekee."

Wengine walicheka, na Filemon, aliyekwisha kulewa kidogo, akaenda kweli, jani mbele. Ngano alipomwona akalaza masikio, akarudi nyuma kwa miguu mitatu akitetemeka, mpaka kamba ikakaza na mgomba ukainama.

Hakuna mzee aliyemwambia apokee.