Sufuria ya Pili ya Mokami

Huko Gorong'a, mke wa mwana akikonda, lawama huenda kwenye jiko la mama mkwe. Veneranda alikonda. Alikuwa na uvimbe sugu wa utumbo mpana, ugonjwa unaoleta vidonda na kuhara damu, unaotulia kwa muda kisha kurudi. Kaka yake Batholomeo alipomwona sokoni Tarime, alituma neno: angefika baada ya mavuno, na akimkuta bado mifupa, angeondoka naye.

Mokami, mama mkwe, alijibu kwa chakula. Alipika ugali mgumu wa ulezi usiochekechwa, maharage na mboga za majani, akasimama karibu kuhakikisha sahani inaisha. Kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana, kwa hiyo Veneranda alikula. Damu ikazidi.

Wakaenda hospitali pamoja. Baada ya daktari kubadilisha dawa, mtaalamu wa lishe alimgeukia Mokami.

"Mama, chakula chako ni kizuri, lakini utumbo huu una vidonda. Kwa sasa punguza makapi, maganda na mbegu. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Ugonjwa ukitulia, mtarudisha vyakula taratibu, mkiangalia kipi kinamkubali. Na dawa asiache; chakula hakitaziba nafasi yake."

Mokami alipofika nyumbani aliinjika sufuria ya pili.

Humo alipika wali laini, sato wa kuchemsha aliyeondolewa miiba, na boga lililomenywa na kupondwa. Maziwa mabichi yalimjaza Veneranda gesi, Mokami akayaondoa. Mtindi ulimkubali, akaendelea kumpa. Jirani yake Nyangwine alichungulia jikoni.

"Mokami, siku hizi unapikia wasio na meno?"

"Napikia mgonjwa. Wewe mwenye meno, kagugune mfupa na mbwa wako."

Damu ilikoma. Mwili ulirudi polepole, na ulezi nao ukarudi, kwanza kama uji mwepesi wa unga uliochekechwa.

Batholomeo alifika kwa bodaboda, begi tupu likiwa mgongoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule."

Aliwekewa ugali mgumu na nyama. Dada yake aliwekewa wali na samaki. Batholomeo alikunja uso.

"Dada, ugali wamekunyima?"

"Mwulize mama," alisema Veneranda.

Mokami alieleza vidonda, makapi, mtindi, na dawa zilizokuwa kwenye kopo juu ya kabati, bila kukosea hata jina moja. Kisha akamwambia Veneranda, "Simama, kaka yako akuone."

Veneranda alisimama. Gauni alilokuwa amelifunga kwa kamba siku ile sokoni sasa lilimkaa sawasawa kiunoni. Batholomeo alivua begi, akaliweka chini.

"Na hilo begi ni la nini?" Mokami aliuliza, ingawa alijua.

"La kubebea zawadi, mama."

"Basi litajaa boga. Sasa kula. Wewe tumbo lako ni zima, huna pa kujificha."