Sauti ya Nyamizi Redioni

Mume wangu Ngeleja alikuwa karani wa chama cha ushirika hapa Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama kikayumba, naye akapunguzwa kazi. Wenzake walifungua maduka. Yeye, kwa akili zake mwenyewe, alinunua kinanda na mashine za kurekodia kaseti, akapanga chumba jirani na soko na kufunika kuta kwa magunia ili kelele za nje zisiingie. Nilinuna mwezi mzima.

Lakini mtu huyo alijua kutunga. Nyimbo zake aliziimba mdogo wangu Nyamizi, na misimu ya pamba kaseti zao zilisikika kutoka Ngulyati mpaka Nyashimo. Nikaacha kununa, nikaanza kujidai.

Kisha redio za watu binafsi zikaingia Mwanza. Ngeleja akapeleka wimbo mpya, aliomtungia mama yetu, Milembe, nao Nyamizi ndiye aliyeuimba. Wakamwambia wimbo ni mzuri ila sauti ni ya kishamba mno, atafute msichana wa mjini. Akamtafuta. Akarekodi upya hukohuko, akarudi na kusema tu kwamba wimbo umekubaliwa. Hata mimi mkewe hakuniambia zaidi ya hapo.

Wakati huo Nyamizi alikuwa amelala kwa mama, Ngulyati, kifua kimemmaliza. Kilichomshikilia ni hamu ya kujisikia redioni. Kila Jumapili tulimwegemeza ukutani, mama akawasha redio, majirani wakaja kuketi nasi.

Jumapili moja wimbo ukapigwa. Ile sauti ilipoanza tu nilijua si yake. Nilimgeukia Ngeleja, akawa anatazama miguu yake, na wallahi nilitamani kumrukia. Mama, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumchoka, alipiga vigelegele, akasema redio imemlainisha mwanawe sauti. Majirani wakampongeza mgonjwa, naye akawashukuru mmoja mmoja.

Mama alipotoka kuwasindikiza, Ngeleja akaanza kujieleza. Nyamizi hakumwacha amalize.

"Shemeji, mayu asijue," alisema, maana mama tulimwita mayu. "Mimi naondoka. Mwache abaki na huyo wa redioni."

Tulimzika mwezi huohuo.

Baada ya hapo jina la Ngeleja lilikua, waimbaji wakamfuata hata kutoka Shinyanga. Sijamsamehe, ila siri tunaitunza wote wawili. Nikienda Ngulyati na wimbo ule ukapigwa, mama huongeza sauti ya redio, akanishika mkono.

"Msikilize mdogo wako," huniambia.

Nami husikiliza. Namchukia yule msichana wa Mwanza, ambaye hajanikosea lolote, na kila Jumapili namwomba Mungu wasiache kuupiga wimbo wake.