Rena Hakuingia Majini

Mimi na mke wangu Renata tuna mji mmoja tu wa kupumzikia, Desert Hot Springs, na moteli moja tu, ya mama wa Kiarmenia anayeitwa Verjine. Watu wenye nafasi zao wanateremka Palm Springs, ng'ambo ya barabara kuu. Sisi tunabaki huku juu kwenye jangwa na upepo, kwa sababu maji ya moto yanatoka huku, ardhini kabisa, na Verjine hajali ukilowesha zulia.

Tukifika hatufungui hata mabegi. Tunakwenda moja kwa moja kwenye bwawa la mwisho, lile la moto kuliko yote, tunazama mpaka shingoni. Atakayetoka wa kwanza ndiye ananunua chakula cha jioni. Rena hajanunua hata siku moja.

Safari hii alikaa ukingoni na suruali yake, akatumbukiza miguu tu.

"Huingii?"

"Sijisikii."

"Unaogopa kushindwa leo."

"Oga, Kip. Umekuja kuoga, oga."

Sasa, pale ukutani kuna kibao. Walevi, wenye moyo mbovu na wajawazito wasiingie bwawa la moto. Verjine anakilinda kama askari. Nimewahi kumwona akimvuta mwanamke mkono mpaka nje, mume wake akitukana. Basi nikapiga hesabu zangu nikiwa majini. Rena hanywi. Moyo wake mzima, tukipanda mlima ananiacha nyuma nahema. Kimebaki nini?

Tumetafuta mtoto tangu tuoane. Mara moja mimba ilishika, ikatoka. Krismasi Rena aliniambia hawezi tena kuishi kwa kungoja namna hii, tujaribu mara moja zaidi, na ikishindikana anataka akae peke yake kwanza. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa. Tangu siku hiyo nimeezeka mapaa ya watu nikiwaza neno hilo moja tu.

Kwa hiyo ukinikuta pale majini nacheka peke yangu, usinione mwehu.

Nikaenda kuchukua taulo. Verjine alikuwa dirishani kwake, anatuangalia.

"Mkeo ana nini leo? Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Mbona haingii?"

"Mama, si una kibao? Kasome kibao chako."

Akanitazama. Halafu akajishika mdomo kwa mikono miwili, akanivuta kichwa, akanibusu huku na huku. Wazee wawili wa Kanada, mtu na mkewe, walikuwa kwenye viti karibu na mlango. Yule babu akauliza kuna nini. Ningenyamaza, lakini nani ananyamaza na habari kama hiyo? Nikamwambia.

Nilipogeuka, Verjine alikuwa ameshafika kwa Rena na sahani ya tende, zimejazwa njugu za jozi ndani. "Kula, binti yangu, kula, sasa mko wawili." Babu akainua glasi yake. Bibi wa Kikanada akainama, akamwekea Rena mkono tumboni, polepole, kama anapima mkate.

Rena akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akasema asante. Akala tende moja, akaitafuna yote, akatoa miguu majini, akaingia chumbani.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani, miguu bado inachuruzika maji.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kile kibao..."

"Kibao."

"Kwani uongo?"

"Ilikuwepo," akasema. "Ilitoka ulipokuwa kazini Arizona. Daktari kanikataza kukaa majini mpaka damu ikatike."

Nilikuwa nimeshika taulo mbili. Sikujua niziweke wapi.

"Mbona hukuniambia, Rena?"

"Nikuambie ili iweje? Mara ile ulimwambia fundi mwenzako, yeye akamwambia mkewe. Mwanamke wa dukani alinipa pole huku anapima vitunguu. Simjui hata jina."

"Mimi nilikuwa na furaha."

"Najua. Nilipanga kukuambia hapa, kesho, taratibu. Nilikuwa na maneno yangu."

"Niambie sasa."

"Umeshawaambia wewe. Nenda kawaambie tena. Mimi sitoki humu watu wakanishike tumbo."

Nikaenda. Upepo ulikuwa umeanza, viti vinasogea vyenyewe kwenye saruji. Walikuwa bado palepale, wanacheka.

"Nilikosea," nikasema. "Hakuna mtoto. Alikuwepo, katoka."

Babu akashusha glasi. Mkewe akaangalia mkono wake. Verjine akafanya ishara ya msalaba, akaanza kwenda chumbani kwetu, nikamzuia njiani.

"Mwache."

"Mwanangu, mimi nilipoteza wawili. Najua cha kumwambia."

"Mwache tu, mama. Tafadhali."

Akasimama, ushungi unampiga usoni. "Na wewe? Umelia?"

"Mimi nimejua sasa hivi."

"Sasa hivi ni wakati mzuri tu," akasema. Lakini sikulia. Nilisimama nikiangalia mvuke wa lile bwawa unavyochukuliwa na upepo kabla haujapanda.

Niliporudi, mabegi yalikuwa mlangoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Basi nipeleke Hemet kwa Lidia."

Lidia ni dada yake. Niliuliza kwa muda gani. Akasema hajui, na nisimuulize tena njiani. Nikasema tumekuja leo hii tu, chumba ni chetu mpaka Jumapili, tungelala kwanza. Akabeba begi lake mwenyewe.

Tukapita chini ya mitambo ya upepo, inazunguka mamia kwa mamia, gari linayumba. Nilitunga mambo ya kumwambia mpaka tukafika. Lidia alitoka na taa ya barazani ikiwaka ingawa jua halijazama. Nikajiandaa kumweleza.

Hakuuliza chochote. Alimkumbatia dada yake, akamwambia kitanda kimeshatandikwa. Halafu akanigeukia.

"Pole, shemeji," akasema. "Nilimwambia akupigie simu kutoka hospitali. Alikataa."

Nikasema asante. Nikateremsha begi la pili, nikaliweka kwenye ngazi, Rena akalichukua bila kuniangalia, mlango ukafungwa.