Baraza la Garrett Winslow

Garrett Winslow alitaka baraza la mawe nyuma ya nyumba yake, lionekane limekaa pale miaka mia mbili, na alilitaka kabla ya Jumamosi ya pili ya Septemba. Alikuwa amealika watu. Hapa kwetu Vermont ardhi huganda kila majira ya baridi na kuvimba, na mawe yaliyolazwa kwa haraka huinuka mwezi wa tatu yakakaa ovyo kama meno ya mzee. Nikamwambia tutachimba futi nzima, tutajaza kokoto tabaka kwa tabaka, na kila tabaka tutalishindilia kwa mashine kabla ya kumwaga jingine. Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo.

"Fundi, jiwe lenyewe unene wake huu," akasema, akipima kwa vidole viwili. "Futi nzima ya nini? Tunazika mtu?"

"Unataka likae, au unataka lipendeze siku moja?"

"Nataka vyote viwili."

"Basi shika sepetu."

Hakushika. Nilichimba mimi, Odile Labrecque, mwenye miaka hamsini na minne na magoti mabovu, binti wa fundi mawe. Natoa jina langu kamili kwa sababu baadaye lilitajwa sana dukani na posta, na kila mtu alikuwa na toleo lake.

Nilikuwa nimeshamwonyesha mawe ya machimboni, safi, yenye kingo nzuri. Akayakataa. Eti yana sura ya hospitali. Alitaka mawe yaliyoota ukoga, na akasema hilo nimwachie yeye. Nilipofika asubuhi ya pili nikakuta lundo uani, mawe bapa ya kijivu yenye madoa ya kijani na rangi ya chungwa. Yalikuwa mazuri mno. Nikavaa glavu nikaanza kuyachambua, makubwa huku, ya pembeni kule.

Nitajisifu kidogo, maana kazi ilistahili. Nilivuta kamba, nikaipa sakafu mteremko mdogo unaopeleka maji mbali na nyumba, nikalaza kila jiwe juu ya mchanga mkavu, nikaligonga kwa nyundo ya mpira na kulisikiliza. Jiwe lililokaa vizuri hutoa sauti nzito. Lisipokaa hulia kitupu, na hapo unalitoa, unaongeza mchanga, unaanza upya. Siku tatu nilipiga magoti. Ilipofika siku ya tatu jioni ungeweza kucheza dansi pale na usisikie jiwe hata moja likitikisika.

Siku ya nne lilibaki jiwe moja, kubwa kuliko yote, la kuweka mbele ya mlango wa jikoni. Nikalimwagia maji kuondoa udongo. Katikati kulikuwa na tundu la mviringo, upana wa kidole gumba, limetobolewa kwa patasi ya zamani.

Kila aliyezaliwa kwenye vilima hivi analijua tundu hilo. Mpimaji ardhi akifika kwenye kona ya shamba akakuta ukuta wa mawe, hutoboa jiwe moja, na hati za mashamba yote mawili huandikwa kwa kulitaja: mpaka unaanzia jiwe lenye tundu. Jiwe lile halikuwa na haki ya kuwa mbele ya mlango wa jikoni wa mtu yeyote.

"Hili umelitoa wapi?" nikamuuliza Garrett.

"Kichakani kwangu huko juu. Kulikuwa na ukuta umejibomokea, nyoka wamejaa. Nimekodi mtu na mashine, kasafisha."

"Huo ni ukuta wako na wa Verna."

"Fundi, kahawa yako inapoa."

Verna Pettengill ni jirani yake wa upande wa mlimani. Ana miaka themanini na mmoja, na ana miti sita ya sukari kando ya mpaka, minene hata watu wawili hawaizungushi mikono. Kila Machi huitoboa, hukinga utomvu kwa ndoo na kuuchemsha kutwa nzima kibandani mpaka uwe shira nzito na tamu. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki ya kumtoa kitandani, amesema hivyo mwenyewe, na watu wa kanisa lake wanalijua hilo kuliko daktari.

Nikapanda juu nikiwa na glavu zangu mkononi. Ukuta haukuwepo. Palikuwa na ukanda wa udongo uliosawazishwa vizuri, umemwagiwa mbegu za nyasi na kufunikwa kwa majani makavu. Na ile miti sita, kila mmoja ulikuwa na msalaba wa rangi nyekundu kifuani. Garrett akanifuata na kikombe chake.

"Hii misalaba ya nini?"

"Wakata miti wanakuja Jumatatu. Inatia giza baraza. Sasa wewe unajenga kitu kizuri namna ile, halafu kikae kivulini mpaka saa sita?"

"Miti ya Verna hii!"

"Nani kasema?" Wala hakupandisha sauti. "Hati inasema mpaka ni ukuta. Mimi sioni ukuta hapa. Wewe unauona?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nimewahi kudhulumiwa, nimewahi kutukanwa na wateja, lakini sijawahi kuona mtu akimwibia bibi kizee huku anapuliza kahawa. Na kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimeificha ile mali ya wizi, jiwe kwa jiwe, kwa mikono yangu na kwa ufundi wa baba yangu!

Nikashuka, nikachukua mtaimbo wangu, nikapanda tena. Watu waliojenga kuta hizi walikuwa na ng'ombe na minyororo tu, lakini hawakuwa wajinga. Safu ya chini waliizika. Mwenye mashine alikwangua kile alichokiona, akasawazisha, akaenda zake. Nikachoma mtaimbo kwenye ule udongo laini. Ukazama. Nikasogea nusu hatua, nikachoma tena. Ngo! Hatua moja mbele, ngo! Nyingine, ngo! Nikatupa majani pembeni nikaanza kuchimba.

"Unafanya nini?" Kikombe kilikuwa chini sasa.

"Natafuta ukuta. Si umeuliza uko wapi?"

"Huo ni mwamba tu."

"Mwamba uliojipanga wawili wawili, kama watoto wa darasa la kwanza?"

"Nimekuajiri unijengee, sikukuajiri unifukulie mambo! Kazi huna, umenisikia? Ondoka kwenye ardhi yangu."

"Kazi nimeacha tangu nilipoliona lile tundu. Na nikichimba mpaka mwisho ndipo tutajua nimesimama kwenye ardhi ya nani."

Mpaka saa tisa nilikuwa nimefunua hatua kumi na mbili, safu mbili za mawe zilizonyooka. Ile miti sita yote ilikuwa upande wa Verna, hatua nne kamili. Verna mwenyewe alikuwa ameshatoka, amesimama na fimbo yake, anaziangalia zile safu.

"Mama Verna, mpigie mpimaji," nikasema, nikihema.

"Nilishampigia, siku ile ile ukuta ulipoondoka. Anakuja Jumatatu mapema. Kaniambia nisiguse kitu."

Jumatatu mpimaji akaja, akavuta utepe wake kwenye zile safu, akasoma hati mbili, akapigilia chuma cha mpaka ardhini. Wakata miti walisubiri ndani ya lori lao nusu saa, wakageuza. Kabla ya chakula cha mchana wakili wa Garrett alikuwa amezungumza na Garrett, na Garrett akaniambia, akitazama viatu vyangu, niyarudishe mawe juu.

Kuling'oa baraza lile kuliniuma. Mawe yalikuwa yameshika haswa, ilibidi niyachokonoe kwa mtaimbo moja moja. Wageni wake wa Septemba walisimama juu ya kokoto na bilauri zao, na nasikia viatu vya kisigino viliwatesa. Sikusikitika.

Niliyapandisha kwa toroli, nikaanza kuujenga upya ukuta. Verna akaleta kiti akakaa chini ya mti wake wa kwanza. Niliongea asubuhi nzima. Nilimwita Garrett mwizi, nikamwita nyang'au, nikasema watu kama yeye huja hapa na kudhani kila kisicho na mtu karibu hakina mwenyewe. Kusema kweli nilikuwa nangojea Verna aniambie ahsante.

"Odile," akasema. "Nikiwa jikoni kwangu naona mpaka uani kwake."

"Najua, mama."

"Mawe uliyaona yana ukoga."

"Niliyaona."

"Ukoga huo hauoti machimboni, huota kwenye ukuta mkongwe. Baba yako angejua kabla hajashuka garini."

Nikaliweka chini jiwe nililokuwa nimelibeba. "Sasa si ungeniita?"

"Nikuite!" Akagonga fimbo yake chini. "Umekula jikoni kwangu tangu una miaka sita. Nilisimama dirishani siku tatu, mwanangu. Nikasema, Odile atauliza. Leo atauliza. Haya, basi kesho. Na wewe unagonga tu na kanyundo kako."

Nikainama, nikaokota lile jiwe, nikaliweka mahali pake.