Gari Lililolala Likiangalia Njia

Gluu.

Sauti ilitoka nje, chini ya dirisha, gizani, jogoo bado hajawika. Gluu nyingine, kama mtu anameza mate, kisha kimya. Niliijua. Ulikuwa mpira wa kitalu changu, ule mweupe unaoonyesha maji yanavyopita. Jioni nauingiza kwenye pipa, navuta kwa mdomo mpaka maji yaje, nanywesha miche yangu ya kahawa, kisha naziba ncha kwa gunzi ili kesho nisianze upya kuvuta. Lakini mpira ukiwa na tundu, hata la sindano, hewa inaingia usiku na maji yanarudi pipani.

"Mpira umetoboka tena," nikasema.

"Achana na mpira," mume wangu Zebedayo akajibu kutoka ndani ya blanketi. "Leo Alhamisi. Keshokutwa Osward anakuja."

Osward ni wa Tunduma, ananunua magari yaliyochoka, anayakata vipande na kuuza vipuri huku na ng'ambo ya mpaka. Alikuwa anaijia pikapu yetu. Baba mkwe alitupatia pikapu hiyo siku tulipohama kwake kuja hapa karibu na Mlowo, na mimi nilikuwa nimeipangia kazi. Mvua zikianza, miche iende Ileje na vijiji vya juu, kwa watu walioniambia kwa midomo yao, "Mama Tusekile, tuletee." Miche haiendi mbali kwenye pikipiki. Viriba vinapasuka, udongo unamwagika, na mizizi ikikaa uchi imekufa. Bila pikapu kitalu kile kingekuwa bustani ya kuangalia tu.

Lakini pikapu haikutaka kuamka. Mchana haina neno. Ikishalala usiku, asubuhi unazungusha swichi, starta inalia we, inalia, inapumzika, inalia tena, mpaka majirani wote wamejua Zebedayo anataka kutoka. Ikishindikana, tunasukuma.

Asubuhi ile ilishindikana. Nyumba yetu iko bondeni na barabara iko juu, kwa hiyo gari lilikuwa limeinua pua kuielekea barabara. Tukalisukuma kinyumenyume kushuka, Zebedayo ameweka gia ya rivasi, mimi kwenye boneti, binti yangu Tusekile naye ameweka viganja vyake viwili kwenye taa, anaguna kuliko sisi sote.

"Ibada imeanza!" jirani yetu Jenista akapiga kelele kutoka jikoni kwake. "Mama Tusekile, leo mnaimba wimbo gani?"

"Njoo uanzishe wewe, dada, mwenye sauti!"

"Mimi sadaka yangu niliitoa jana. Bega bado linauma!"

Akaja hata hivyo, kanga kiunoni, akasukuma huku anacheka. Gari likashuka, likakohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka, likasimama hatua chache kutoka kwenye kitalu. Wiki iliyopita halikusimama mapema hivyo. Lilivunja kichanja cha nyasi na kulala juu ya miche yangu ya pembeni.

"Unaona?" Zebedayo akasema akifuta jasho kwenye baridi ile. "Mwisho litamkanyaga mtu. Acha liende."

Hakusema kwa hasira. Zebedayo akiumia anakuwa mpole zaidi. Lile gari ndilo alilojifunzia kuendesha, amekaa mapajani kwa baba yake.

Joshua, fundi wa Mlowo, alikuwa amekwisha kutubadilishia betri. Haikusaidia. Akasema ni baridi ya Mbozi, akabadilisha plagi za kupasha joto. Haikusaidia. Tulipokuwa tunalipeleka kwake lilikuwa limekwisha kuwaka na kutembea, kwa hiyo akigusa swichi tu, linanguruma. "Shemeji," aliniambia, "hili gari linawaonea nyinyi. Mimi linaniheshimu."

Alhamisi ile nikipalilia viriba nilikuwa nalifikiria. Betri ikichoka, starta inazunguka kwa uvivu. Yetu inazunguka kwa nguvu, ila moto haushiki. Na kama ni baridi, mbona Jumapili tulilala kwa baba mkwe, juu kule ambako asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na Jumatatu likawaka kabla Zebedayo hajafunga mlango? Alicheka siku ile, akasema limefurahi kurudi kwao.

Magari hayana kwao. Kwa baba mkwe kuna nini ambacho hapa hakuna?

Nikasimama na jembe mkononi. Kwa baba mkwe nyumba iko juu, barabara iko chini. Na baba mkwe ana sheria yake, ambayo Zebedayo ameirithi pamoja na gari. Gari linalala likiangalia njia. Usiku akiugua mtu, au mwanamke akishikwa na uchungu, hakuna kuhangaika kugeuza, unaingia na kuondoka. Kule kuangalia njia ni kuinamisha pua. Hapa kwetu kuangalia njia ni kuiinua.

Jioni Zebedayo aliporudi nilimpa kwanza ugali, nikangoja ashibe.

"Baba Tusekile, leo liegeshe limetazama kitalu."

"Liipe njia mgongo?"

"Usiku mmoja tu."

"Na mtoto akiugua usiku?"

"Tusekile ameshiba maharage na anaimba. Hataugua."

"Baba akisikia..."

"Baba hatasikia kama wewe hutampigia simu."

Akachukua funguo. Aliweka mawe makubwa mbele ya magurudumu yote mawili ya mbele, na juu ya hapo akaomba sala fupi. Niliona midomo yake ikitembea.

Asubuhi ya Ijumaa akazungusha swichi. Starta haikufika hata nusu ya kilio chake. Gari likawaka.

Jenista akatoka na mwiko mkononi. "Jamani, leo hakuna ibada?"

Zebedayo akatazama mikono yake kwenye usukani. Kisha akasema, "Bahati." Akalizima, akawasha, likawaka tena. "Bahati," akarudia, lakini sauti haikuwa ile.

Tusekile alikuwa amechuchumaa mbele ya gari. "Baba, limekojoa."

Tukainama. Chini ya injini palikuwa na matone, udongo umelowa pahala pa ukubwa wa kiganja. Zebedayo akanusa kidole. "Dizeli. Kule nyumbani lilikuwa hivi hivi, baba alikuwa analiwekea kopo chini. Tulipohamia hapa likaacha. Nikajua limepona."

Hapo ndipo niliposikia tena ile gluu ya mpira wangu, kichwani safari hii.

"Halikupona," nikasema. "Njoo uone."

Nikampeleka kwenye pipa. Nikavuta maji mpaka yakaja, nikaziba ncha kwa kidole, nikamwonyesha tundu. Nikilishusha chini ya usawa wa maji ya pipa, tone linatoka. Nikaliinua juu, tone likaacha, na badala yake povu dogo likaanza kutembea ndani ya mpira. Maji yakagawanyika na kurudi. Gluu.

"Tundu ni lile lile," nikasema. "Likiwa chini, linatoa. Likiwa juu, linavuta hewa. Pua ikiinuka, dizeli inarudi kwenye tangi usiku kucha, na asubuhi starta inaanza kuivuta upya, kama mimi na mdomo wangu."

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha mambo ya hewa na maji kwa chupa na mrija wa soda, darasani kulikuwa na taa moja. Nilidhani nitayakuta kwenye mtihani tu.

Zebedayo akauchukua mpira, akauinua, akaushusha, akauinua tena. Alikuwa kama Tusekile na kidoli. Kisha akampigia Joshua simu. "Fundi, leo mgonjwa haji. Uje umwone kitandani kwake."

Joshua akaja na pikipiki mchana, tukamweleza. Hakubisha. Alilipandisha gari pua juu, kama linavyolala siku zote, akaomba kipande cha ule mpira wangu mweupe.

"Unaukata?" nikauliza.

"Shemeji, unataka gari au unataka mpira?"

Akakiunga kwenye njia ya dizeli, karibu na filta, akawasha, akazima. Kisha tukakaa kwenye mbao tukinywa chai na kutazama kipande kile kama watu wanaotazama mpira wa miguu. Mwanzoni ilikuwa dizeli tupu. Kisha likaja povu moja, dogo kama mbegu ya ulezi. La pili. Dizeli ikaanza kurudi nyuma taratibu.

"Haya!" Joshua akaruka chai ikamwagika. "Ndiye mwizi huyo!"

Akapapasa kwa vidole kuanzia pale akirudi nyuma, akakuta mpira mfupi mweusi umepasuka upande wa chini, palipobanwa na klipu. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Akaweka mpya, akakaza.

Zebedayo hakusherehekea. "Tutaona asubuhi. Litalala likiangalia njia. Likiamka lenyewe, Osward atakunywa chai na kurudi. Lisipoamka, analichukua, na usinilaumu, mama."

"Sitakulaumu."

Jumamosi Osward akafika na ukungu, koti la ngozi, simu mbili mkononi. "Mulishani mukwai," akasalimu kwa Kibemba cha mpakani, akaanza kupiga bodi kwa vifundo vya vidole kama anayechagua tikiti. Zebedayo akamjibu salamu, akaingia kwenye gari. Nilimshika Tusekile mkono. Nadhani niliubana sana maana alinitazama.

Swichi ikazungushwa. Likawaka.

Moshi mdogo, kisha mngurumo ule mzito, na pua yake imeinuka kuiangalia barabara. Zebedayo hakutoka. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, na mabega yake yakawa yanacheka.

"Ah, ah," Osward akatikisa kichwa. "Mimi mfanyabiashara, msinicheze. Mmelisukuma kabla sijafika, likapata moto, sasa mnapandisha bei. Si ndivyo?"

"Haliuzwi tena, kaka," nikasema. "Karibu chai."

"Haliuzwi! Gari la kusukuma?" Akainama mpaka usawa wa binti yangu, akitabasamu kwa ujanja. "Hebu mdogo wangu, wewe huwezi kunidanganya. Mmelisukuma kutoka wapi?"

Tusekile akaangalia viganja vyake, vilikuwa visafi, akavifungua amwonyeshe.

"Leo hatujasukuma."