Mshale Uliopanda kwa Maneno

Fundi alikataa kusaini kitabu cha ndege. Meneja akatia mikono mifukoni, na hapo karakana nzima ilijua kuna mtu ataachishwa kazi.

"Nimekununulia sensa mbili mpya za joto la injini, mzee, na mshale wa kipimo bado unarukaruka. Mashine ni mbovu tu. Saini! Mkurugenzi anaondoka saa nane."

"Mshale ukigusa nyekundu, injini inaungua. Sisaini."

Rubani wa ndege hiyo ndogo alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Tena maneno hayo, "mashine ni mbovu", fundi alishayasikia. Mwaka juzi mashine ya hospitali ilionyesha moyo wa mkewe unapiga ovyo. Daktari mkuu akaigonga kwa kidole, akasema ni mbovu, mama arudi nyumbani apumzike. Akapumzika kweli, mpaka leo. Tangu hapo fundi, shule yake ya darasa la saba, hakumwamini tena mtu yeyote mwenye kiti cha kuzunguka.

"Baba, hebu njoo uone," binti aliita kutoka ndani ya ndege.

Injini ilikuwa imezimwa tangu jana, ya baridi kama jiwe. Binti akawasha umeme tu, bila injini, akabonyeza kitufe cha redio. "Moja, mbili, tatu." Mshale ukapanda hadi nyekundu. Akanyamaza, ukashuka.

"Injini imelala, baba. Inaunguaje?"

"Ina tabia za wakubwa. Joto linapanda wakifungua mdomo tu."

"Acha wakubwa. Redio na sensa zinakutana wapi?"

Fundi alipajua. Akajipenyeza chini ya dashibodi, tochi mdomoni, mpaka kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bati la ndege, unaotumiwa na vyote viwili. Ulikuwa umekazwa barabara, lakini juu ya rangi. Rangi ile ya buluu ambayo meneja aliamuru ipakwe hadi ndani, eti mgeni anakuja. Na umeme haupiti kwenye rangi; ule wa redio ulikosa njia, ukausukuma mshale.

"Si nilisema? Huyu bwana na rangi zake atatuua!"

Binti alishafungua kitabu. "Tarehe tisa, baada ya kupaka rangi. Waya wa ethi umerudishwa na kukazwa. Pana saini."

"Ya nani?"

"Baba..."

Fundi akarudi chini ya dashibodi. Alikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akakaza waya. Wakawasha injini, ikanguruma nusu saa. Binti akaongea redioni mpaka koo likamkauka, mshale haukutikisika.

Kitabuni, penye "chanzo", fundi akaandika: Rangi.

"Andika yote, baba. Ninayepaa nayo ni mimi."

Akaongeza, kwa herufi za kutafutiwa miwani: na fundi. Akasaini.

Ndege ilipopaa, meneja akamsogelea, anatabasamu. "Si nilikwambia mashine ni mbovu?"

Fundi alitaka kumjibu kwamba sensa zote tatu, ya zamani na mbili mpya, zilikuwa nzima. Lakini angeulizwa, basi mbovu ni nani. Akaokota spana yake, akaifuta, akaendelea kuifuta.